Mtihani wa majaribio ufumuliwe, usirudiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wanaojiandaa na GRE, mtihani ambao vyuo vingi huutumia kuwachuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Zaidi, nizungumze na wale wanaowashauri. Mwombaji akifanya mtihani wa majaribio akapata alama ndogo, tuseme 146 kwenye hesabu na 144 kwenye lugha (Kiingereza) katika kipimo cha 130 hadi 170, ushauri anaopewa ni mmoja tu: fanya mwingine. Anafanya, anapata 147 na 143. Anaambiwa aongeze bidii. Akifika mtihani wa tano amemaliza majaribio yote ya maana, na makosa yake ni yale yale ya siku ya kwanza.

Nguo isipokaa vizuri, fundi cherehani haipimi mara tano. Huipima mara moja, akaona inapovuta, akaufumua mshono ule. Mtihani wa majaribio nao unataka kufumuliwa, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. GRE ya sasa ni saa 1 na dakika 58. Kuifumua ipasavyo ni kazi ya siku mbili au tatu.

Inafanywa hivi. Unapofanya mtihani, weka alama ya kuuliza kwenye karatasi yako kwa kila swali unalobahatisha. Usipoweka, kesho yake utajidanganya kwamba ulijua. Ukimaliza, usikimbilie majibu. Mwombe mwenzio akuandikie namba za maswali uliyokosa tu, bila kukuonyesha jibu sahihi, kisha yarudie yote pamoja na yale uliyobahatisha ukapata. Yarudie bila saa, kwa kalamu na karatasi. Hapo ndipo picha ya kweli inapojitokeza. Tuseme kati ya maswali 27 ya hesabu umekosa 14, na kwenye marudio umepata 8 kati ya hayo bila msaada wa mtu wala kitabu. Hayo 8 hukuyakosa kwa kutojua hesabu. Uliyakosa kwa haraka, kwa kusoma vibaya au kwa kuishiwa muda, na kununua kitabu kingine cha kanuni hakutayarudisha hata moja. Sita yaliyobaki ndiyo yanayohitaji kitabu.

Kisha kila kosa liandikwe daftarini: mada, ulichofanya, dalili iliyokuwamo ndani ya swali ambayo ingekuonya, na tarehe ya kulirudia. Hapo kwenye "ulichofanya" ningependa neno "uzembe" lipigwe marufuku. Uzembe hautibiki kwa sababu hauonyeshi pa kushika. Andika kwa kitenzi: "nilisahau kwamba x inaweza kuwa hasi", "nilitafuta eneo, swali linataka mzingo", "nilijibu umri wa mtoto, waliuliza wa baba". Makosa kumi yakiandikwa namna hiyo, utashangaa kuona saba ni ndugu wa tumbo moja. Swali lirudiwe baada ya siku mbili, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Litoke daftarini pale tu utakapoweza kumweleza mtu mwingine kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi.

Muundo wa mtihani nao una siri ambayo wengi hawaizingatii. Tangu Septemba 2023 GRE ina insha moja ya dakika 30, ambayo daima huja kwanza, halafu sehemu mbili za lugha na mbili za hesabu. Sehemu ya kwanza ya lugha ni maswali 12 kwa dakika 18, ya pili ni 15 kwa dakika 23. Kwa hesabu, ya kwanza ni maswali 12 kwa dakika 21, ya pili ni 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, kompyuta inakupa sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi. Ukivurunda, inakupa nyepesi. Alama za mwisho huzingatia ugumu wa kile ulichopewa. Kwa hiyo kuteleza kwenye swali rahisi la sehemu ya kwanza kunakugharimu mara mbili: unapoteza swali lenyewe, na unajisogeza mbali na njia inayofika juu.

Lakini ndani ya sehemu moja maswali yote yana uzito sawa, na unaruhusiwa kuruka, kuweka alama na kurudi. Tena jibu lisilo sahihi halipunguzi chochote. Mambo hayo matatu yakikutana, yanatoa kanuni ambayo wanafunzi wazuri wa hesabu ndio wanaoivunja zaidi, kwa sababu ya kiburi: swali ambalo baada ya nusu dakika hujaona pa kuanzia, chagua jibu lolote, weka alama, endelea. Dakika nne zilizotumika kulishinda swali moja gumu zimeiba maswali mawili mepesi yaliyokuwa mwishoni. Kwenye sehemu ya kwanza ya hesabu, saa ya kwenye skrini inayohesabu kurudi nyuma iwe imebakiza dakika 14 ukimaliza swali la nne, na dakika 7 ukimaliza la nane. Kwenye sehemu ya pili, iwe karibu 17 baada ya swali la tano na karibu 9 baada ya la kumi. Ukiwa umechelewa, usiongeze mwendo kwa kila swali, maana hapo ndipo mtu anapoanza kusoma nusunusu. Toa sadaka swali moja zima, urudi kwenye mstari. Na nusu dakika ya mwisho ni ya kuhakikisha hakuna swali lililobaki wazi.

Sasa hesabu yenyewe. Hakuna kalkulasi (calculus) wala trigonometria. Kuna hesabu za namba, aljebra, jometri na takwimu, zile za sekondari. Mhandisi anayefungua daftari lake la chuo kujiandaa na GRE amefungua daftari lisilo lake. Anachohitaji ni sifa za namba, na ndizo alizozisahau. Sifuri ni namba shufwa. Moja si namba tasa. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4 peke yake, lakini mlinganyo wa x² = 16 una majibu mawili, 4 na −4. Kitu kikipanda kwa asilimia 25, kinarudi kilipokuwa kwa kushuka asilimia 20, si 25. Aliyekwenda kilometa 60 kwa mwendo wa 30 kwa saa akarudi kwa mwendo wa 60, wastani wake ni kilometa 40 kwa saa, kwa sababu ametumia saa tatu kwa kilometa 120. Anayejibu 45 amechukua wastani wa mwendo badala ya kugawa safari kwa muda. Mchepuko wastani (standard deviation), yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika, haubadiliki ukiongeza namba ile ile kwenye kila kipimo. Mambo kama hayo si mengi, ukurasa mmoja au miwili inayatosha. Yajue kama jina lako.

Maswali ya kulinganisha idadi mbili yanastahili siku zake peke yake, kwa kuwa hayafanani na chochote ulichofanyia mtihani shuleni. Unapewa idadi A na idadi B, useme ipi kubwa, au zinalingana, au haiwezekani kujua. Kosa la wengi ni kutatua. Hapa hutatui, unajaribu kuvunja. Ukiambiwa ulinganishe x² na x, mwanafunzi huweka 2, akaona 4 ni kubwa, akachagua A. Angeweka nusu angepata robo, ambayo ni ndogo kuliko nusu, na jibu lingekuwa haiwezekani kujua. Kwa hiyo penye herufi jaribu sifuri, moja, namba hasi, sehemu iliyo kati ya sifuri na moja, na namba kubwa, isipokuwa swali limekukataza. Neno "namba" peke yake halimaanishi namba nzima, na mtegaji anategemea usahau hilo. Kinyume chake, ikiwa pande zote mbili ni namba tupu zisizo na herufi, basi jibu la "haiwezekani kujua" lifute papo hapo, hata kama huwezi kuzikokotoa.

Kuna aina mbili nyingine zinazomaliza alama kimyakimya. Moja ni swali la kuchagua majibu yote yaliyo sahihi: hakuna nusu alama, ukiacha moja umekosa lote. Nyingine ni ya kuandika jibu mwenyewe, ambapo swali limeagiza ukadirie hadi sehemu fulani ya desimali au utoe jibu kwa asilimia, nawe umeandika 0.35 palipotakiwa 35. Kabla ya kuondoka kwenye swali, rudisha macho kwenye sentensi ya mwisho tu. Sekunde tano zinatosha. Michoro ya jometri nayo usiiamini kwa macho, kwani haichorwi lazima kwa vipimo halisi. Grafu za takwimu na za majira ya nukta ndizo zilizochorwa kwa vipimo.

Kikokotoo cha kwenye skrini kipo, ila ni cha kubofya kwa panya au kibodi na ni chepesi kukosea. Asiyejua kwamba 3/8 ni asilimia 37.5 atabofya mara kumi kwa siku nzima. Jifunze kwa moyo sehemu za kawaida hadi za nane, miraba hadi ya 15, na vipeo vya 2 hadi 1,024.

Kwenye lugha, nadhani ndiko ushauri mbovu ulikozidi. Watu wanapewa orodha ya maneno elfu kadhaa ya Kiingereza wayakariri na tafsiri zake. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo lina mtego wa ziada. Maneno frugal na miserly ukiyaandikia kadi zenye neno moja, "bahili", umeshayaua yote mawili. La kwanza ni mtu anayebana matumizi kwa busara, na mara nyingi ni sifa. La pili ni tusi. Swali la kujaza nafasi huamuliwa na tofauti hiyo hasa: je, mwandishi anamsifu au anamponda? Kadi ya msamiati iwe na sentensi nzima, na pembeni alama ya jumlisha, kutoa au sifuri kuonyesha mwelekeo wa neno. Maneno 15 kwa siku yanatosha, mradi ya juzi na ya wiki iliyopita yarudiwe. Tena yaogope zaidi maneno unayodhani unayajua. Qualify si kustahili tu. Kwenye matini za wasomi ni kuiwekea kauli mipaka. Sanction ni kuruhusu na pia ni kuadhibu, na muktadha ndio unaosema ipi.

Swali la kujaza nafasi lianze kwa kuyafunika majibu. Tafuta ndani ya sentensi neno linaloamua, yaani kiunganishi cha kugeuza au cha kuendeleza, weka neno lako mwenyewe hata la Kiswahili, ndipo ufunue majibu. Sentensi ikisema kwamba ingawa barua zake zilikuwa na maneno mengi, mbele za watu alikuwa ____, wewe umeshasema "mkimya" kabla hujaona chochote. Anayeanza na majibu huyasoma matano, yote yanamsikikia vizuri, anachukua lile gumu kuliko yote akidhani mtihani mgumu unataka neno gumu. Penye nafasi tatu hakuna lazima ya kuanza na ya kwanza. Anza na ile yenye ushahidi mwingi karibu yake. Kumbuka kila nafasi ina majibu matatu na hakuna alama ya nusu: kubahatisha zote tatu ni nafasi moja kati ya 27, kwa hiyo swali la namna hiyo usilolielewa ndilo la kutoa sadaka.

Katika yale ya kuchagua maneno mawili kati ya sita, sentensi zote mbili lazima zitoe maana moja. Neno linalokaa vizuri lakini halina mwenzake miongoni mwa yale matano mengine, liache. Na maneno mawili yaliyo mapacha yasikuvute kwa upacha wao, maana wakati mwingine hutegwa jozi isiyohusiana na sentensi.

Ufahamu huchukua karibu nusu ya maswali ya lugha. Piga hesabu: kwenye sehemu ya maswali 12, kama sita si ya ufahamu na unatumia sekunde 50 kwa kila moja, yamekwisha kwa dakika tano na umebaki na dakika 13 za kusoma kwa utulivu. Anayelalamika kwamba matini ni ndefu mno mara nyingi amezila dakika zake kwenye msamiati, akikodolea macho neno asilolijua kana kwamba litajitambulisha. Unaposoma, usitafsiri sentensi kwa sentensi. Uliza kila sentensi inafanya kazi gani: inatoa hoja, inaipinga, inatoa mfano, inaweka sharti? Jibu lisilo sahihi huwa na sura chache zinazojirudia. Liko la kweli duniani lakini halimo kwenye matini. Liko linalozidisha, lenye "daima", "kamwe" au "pekee" palipokuwa na "mara nyingi". Liko linalochukua nusu ya aya hii na nusu ya ile na kuziunganisha. Kwenye daftari la makosa andika ni sura ipi iliyokukamata. Ndani ya wiki mbili utamjua adui yako kwa jina.

Insha sitaikalia sana. Dakika tano panga, ishirini andika, tano sahihisha, maana programu ya kuandikia haina kikagua tahajia. Shika msimamo wenye masharti, toa mifano miwili iliyoelezwa kwa kina badala ya mitano ya kutajwa tu, na soma agizo lililo chini ya mada, kwa sababu hubadilika na linasema hasa ushughulikie nini. Wanaoiruka insha wakifanya majaribio hujipa alama zisizo zao: siku yenyewe watafika kwenye hesabu wakiwa wamekwisha kuandika nusu saa nzima, na mapumziko yaliyopangwa hakuna.

Watengenezaji wa GRE, yaani ETS, hutoa majaribio mawili ya bure kwenye kompyuta. Hayo ni dhahabu, na mwenye alama ndogo ndiye anayepaswa kuyabania zaidi. Moja la mwanzo kwa kujipima, jingine libaki hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Katikati, fanya sehemu mojamoja kwa saa, si mitihani mizima. Ukirudia jaribio uliloliona, alama zitapanda kwa kumbukumbu tu. Na kupanda au kushuka kwa alama moja au mbili usikusherehekee wala kukulilia. Ni mtikisiko wa kawaida wa kipimo. Vitabu vya kabla ya Septemba 2023 vina sehemu za maswali 20 na insha ya pili ambayo haipo tena, ila maswali yake ni mazima na mwendo ni ule ule, dakika moja na nusu kwa swali la lugha na karibu moja na robo tatu kwa la hesabu. Tumia maswali, acha ratiba yake. Atakayefanyia nyumbani ajue haruhusiwi karatasi za kawaida: ni ubao mdogo wa kufutika au karatasi moja ndani ya bahasha angavu ya plastiki. Ajizoeze nao mapema, kwani kufuta katikati ya hesabu kunavuruga.

Kwa wanaoelekea shule za biashara na kuchagua GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule hizo, kufumua ni kule kule, lakini mbinu za muda zisichanganywe. Huko kuna sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Ugumu hubadilika swali kwa swali, huwezi kuruka, unaruhusiwa kurekebisha majibu matatu tu kwa kila sehemu, kikokotoo kipo kwenye data peke yake, na kutomaliza kunaadhibiwa. Jometri iliondolewa toleo jipya lilipoingia mwishoni mwa 2023, na alama ni kuanzia 205 hadi 805. Anayekupa kitabu chenye kilele cha 800 amekupa cha mtihani uliokufa.

Mwisho, tarehe. GRE hurudiwa baada ya siku 21, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku chuo kinapofunga maombi: acha nafasi ya mtihani wa pili, siku 21 za katikati, na siku za matokeo kufika chuoni. Kabla ya yote hayo, fungua ukurasa wa kozi unayoiomba uone kama wanaitaka GRE kabisa, na kama wanaitaka, ni upande upi wanaouangalia. Anayeomba uhandisi mwenye 146 ya hesabu na saa moja na nusu kwa siku hana sababu ya kuzigawa nusu kwa nusu na msamiati.

Wasalaam,

Mwalimu wa hesabu na ufahamu